Kufuma Sweta Katika Nyumba Inayokarabatiwa: Mwongozo kwa Kaya za Kaniha na Ngara

Sweta la kufuma kwa mkono huchukua saa nyingi, lakini si lazima saa hizo zifuatane. Kwa sababu hiyo kazi hii inaweza kukaa nyumba moja na mafundi wa ujenzi, watoto wa shule na shamba la maharage, mradi ipangwe kwa kalenda ya nyumba yenyewe. Masweta mengi yanayoachwa nusu katika nyumba inayokarabatiwa hayakwami kwa ugumu wa kufuma. Yalianzishwa mwezi usiofaa, au sehemu ngumu iliangukia siku ya kumwaga zege, au uzi uliisha katikati na rangi yake haikupatikana tena sokoni.

Kata ya Kaniha wilayani Biharamulo, pamoja na vijiji vya Ngara, ipo katika nyanda za juu za magharibi mwa Ziwa Victoria. Uso wa ziwa uko takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Ardhi ya huku imepanda zaidi, na vilima vya Ngara hupita mita 1,500. Vuli huanza Septemba au Oktoba na kwisha Desemba, masika hunyesha kati ya Februari au Machi na Mei, na kuanzia Juni hadi Agosti ni kiangazi cha vumbi jekundu, mchana wa jua na alfajiri za baridi. Mtoto anayetoka nyumbani alfajiri ya Julai kwenda shule kwa miguu huhitaji sweta kwelikweli.

Kiangazi hichohicho ndicho msimu wa ujenzi. Tofali hufyatuliwa na kuchomwa, paa la nyasi hushushwa na bati kupandishwa, ukuta wa miti na udongo hubomolewa ili wa tofali usimame, na lipu hupigwa bila hofu ya mvua. Kwa hiyo mahitaji ya sweta na mahitaji ya nyumba hugongana katika miezi mitatu ileile. Njia ya kuvitenganisha ni moja: sweta hufumwa masika, huvaliwa kiangazi. Masika yana palizi, ni kweli, lakini mvua ya alasiri huwarudisha watu ndani, fundi hawezi kupiga lipu ya nje, na mikono hupata nafasi ambayo Julai haitakuwapo.

Hesabu kabla ya uzi

Kinachopimwa kwanza ni mtoto, kisha ufumaji. Kifua hupimwa chini ya kwapa, urefu wa mwili kutoka bega hadi nyonga, na mkono kutoka bega hadi kiungo cha kiganja. Kwenye kifua huongezwa sentimita 5 hadi 8 ili sweta lipite juu ya shati na mtoto aweze kuinua mikono.

Kisha hufumwa kipande cha majaribio chenye upana na urefu wa sentimita 12 au zaidi, kwa uzi na sindano zilezile zitakazotumika. Kipande hicho hufuliwa, hukaushwa, ndipo vitanzi na mistari iliyomo ndani ya sentimita 10 za katikati ihesabiwe. Wengi huruka hatua hii kwa haraka ya kuanza, na ndiyo hatua inayoamua kama sweta litavalika. Mfano ni mtoto mwenye kifua cha sentimita 66. Likiongezwa nafasi ya sentimita 6, sweta lote litakuwa na mzunguko wa sentimita 72, yaani mgongo sentimita 36 na upande wa mbele sentimita 36. Kama sentimita 10 zina vitanzi 20, kila upande utahitaji vitanzi 72, na 2 vya ziada vitakavyoliwa na mshono. Iwapo mkono wa mfumaji kwa kweli unatoa vitanzi 18 tu, vitanzi hivyo 72 vitatoa upana wa sentimita 40, na sweta litakuwa na mzunguko wa sentimita 80. Tofauti ya vitanzi viwili tu imeongeza sentimita 8, na sweta la mtoto limekuwa la kaka yake.

Hesabu hiyohiyo huonyesha muda. Kwa vitanzi 20 na mistari 28 katika kila sentimita 10, sweta la mtoto huyo, lenye urefu wa sentimita 42 na mikono ya sentimita 36, lina vitanzi vipatavyo 27,000. Mfumaji wa kawaida akifuma vitanzi 20 kwa dakika, hizo ni saa 22 na nusu. Ukosi, kuunganisha na kuficha ncha za uzi hufikisha saa 25 hivi. Saa moja kwa siku, siku tano kwa wiki, ni wiki tano. Katika nyumba yenye mtoto mchanga, palizi na fundi anayekuja kukagua kuta, ni busara kuhesabu mara mbili ya hapo. Sweta la muhula unaoanza Julai basi huanzishwa mwishoni mwa Machi au siku za mwanzo za Aprili.

Sindano zina uzito mkubwa katika hesabu hii. Spoku za baiskeli hutumika sana Afrika Mashariki kama sindano za kufumia, kwa kuwa hupatikana kwa fundi baiskeli yeyote. Ni imara na laini, lakini unene wake ni milimita 2 hivi. Kwa unene huo uzi mwembamba hutoa kitambaa kizito chenye vitanzi karibu 30 na mistari karibu 40 kwa sentimita 10, na sweta lilelile la vitanzi 27,000 huzidi vitanzi 57,000. Muda wake ni zaidi ya mara mbili. Spoku zinafaa kwa sweta la mtoto mchanga, kofia na soksi. Kwa sweta la shule katika mwaka wa ujenzi, sindano za milimita 4 ni bora zaidi, na zisipopatikana dukani huchongwa kwa mwanzi mkavu, husuguliwa kwa msasa hadi uzi usikwame popote, kisha hupakwa nta ya mshumaa. Ncha ya spoku nayo husuguliwa juu ya jiwe iwe butu kidogo, maana iliyokatwa kwa koleo huchoma kidole na kuchana uzi.

Uzi mpya na uzi wa mtumba

Uzi mwingi wa sweta unaouzwa madukani ni wa akriliki. Haupungui unapofuliwa, haushambuliwi na nondo, na rangi zake hudumu. Kasoro yake kubwa ni moto: akriliki huyeyuka na kugandia ngozi, wakati sufu huungua polepole na kwa kawaida huzima yenyewe. Palipo na mafiga au koroboi, tofauti hii si ndogo. Ili kuutambua uzi usio na karatasi ya maelezo, ncha yake huchomwa nje ya nyumba, mbali na vitu vinavyoshika moto. Sufu hunuka kama nywele zilizoungua na kuacha jivu linalopukutika. Akriliki huacha kidonge cheusi kigumu.

Uzi wote wa sweta moja hununuliwa siku moja. Mabunda ya rangi moja yaliyotiwa rangi nyakati tofauti hutofautiana kidogo, na tofauti isiyoonekana dukani huonekana kifuani kama mstari. Karatasi ya bunda huwa na namba ya kundi la rangi. Namba hizo zinapaswa kufanana. Sweta la mtoto wa miaka minane hadi kumi hula gramu 250 hadi 350 za uzi wa unene wa kati, na la mtu mzima gramu 450 hadi 600. Saruji ina tabia kinyume cha hii. Mfuko uliokaa miezi kadhaa kwenye chumba chenye unyevu huanza kuganda na kupoteza nguvu, kwa hiyo hununuliwa karibu na siku ya kazi. Kaya yenye fungu moja la fedha inaweza kutumia tofauti hiyo: fedha ya uzi itoke Machi kwa mkupuo, na ya saruji isubiri Juni.

Njia ya nafuu, na mara nyingi ya sufu nzuri kuliko ya dukani, ni kufumua sweta la mtumba la gulioni. Hapa jicho la mnunuzi ndilo lenye kazi. Sweta hugeuzwa ndani nje na mshono wa ubavuni kuangaliwa. Kama ukingo umekatwa na kuzungushiwa ovaloki, kila mstari umekatwa pande zote mbili, na likifumuliwa litatoa vipande vifupi visivyofaa kitu. Mshono unaofaa ni ule ambao kingo mbili zimekamilika, zimeunganishwa kwa uzi wa mnyororo. Uzi huo ukikatwa mahali pamoja na kuvutwa, pande huachana zikiwa nzima. Sweta lililoganda kama blanketi, ambalo vitanzi vyake havionekani, liachwe, maana sufu iliyokwisha kushikana haifumuki.

Baada ya mishono kufunguliwa, ufumuaji huanzia juu, mahali vitanzi vilipofungwa, na uzi huzungushwa kwenye miguu ya stuli iliyopinduliwa, si kwenye donge. Mzunguko huo hufungwa kwa vipande vya uzi sehemu nne, hulowekwa kwenye maji ya uvuguvugu yenye sabuni kidogo, husuuzwa, kisha hutundikwa kivulini ukiwa umening'inizwa chupa ya maji ya nusu lita. Uzito huo hunyoosha mikunjo. Uzi uliofumwa ukiwa bado na mikunjo hutoa vitanzi vya kupanda na kushuka, na baada ya kufuliwa mara ya kwanza vipimo vyote hubadilika. Watoto wa miaka saba au minane huifanya kazi ya kufumua na kuzungusha kwa furaha, na ni mwanzo mzuri wa kuwafundisha.

Kila sehemu na siku yake

Sweta lina sehemu za namna mbili: zinazokwenda zenyewe na zinazodai akili. Mgongo hadi kwapani ni mstari mmoja unaorudiwa. Mtu anaweza kufuma huku akimsimamia mtoto anayesoma au akisikiliza bei ya mchanga. Kupunguza vitanzi vya kwapa, kugawa shingo ya V na kuokota vitanzi vya ukosi havivumilii kukatizwa. Sehemu hizi hutengewa muda wa utulivu, kwa mfano Jumapili alasiri, na wakati huo usipopatikana kazi husubiri. Ni afadhali kuanzisha mkono wa sweta na kuiacha shingo ikae kwenye sindano wiki nzima kuliko kuifuma fundi akiwa mlangoni anauliza misumari.

Kwa sababu hii sweta la vipande hufaa zaidi katika nyumba ya ujenzi kuliko linalofumwa kwa mzunguko. Kipande cha mgongo hukunjwa na kuingia mfukoni, na kikichafuka kipande kimoja vingine vimesalimika. Mikono pekee ina sababu nzuri ya kufumwa kutoka begani kwenda chini, baada ya mabega kuunganishwa na vitanzi kuokotwa kwenye ukingo wa kwapa. Mkono wa namna hiyo huishia kwenye ukingo wa kiganja, na mwaka unaofuata ukingo hufumuliwa, sentimita kadhaa kuongezwa, na mtoto kuendelea kulivaa. Ni kama nondo zinazoachwa zimechomoza juu ya nguzo kwa ajili ya chumba kitakachojengwa baadaye. Ili hilo liwezekane bunda moja la rangi ileile huwekwa akiba tangu mwanzo.

Kukatizwa hakuepukiki, hivyo kazi inapaswa kuwa na kumbukumbu yake yenyewe. Kila baada ya mistari 10, kipande kifupi cha uzi wa rangi nyingine hupitishwa kwenye kitanzi cha pembeni na kufungwa kilegevu. Alama hizo hubaki kwenye kitambaa. Karatasi hupotea, na punje za mahindi za kuhesabia huishia kwa kuku. Mfumaji humaliza mstari kabla ya kunyanyuka. Akiitwa katikati, husukuma vitanzi mbali na ncha na kufunga ncha zote mbili kwa mpira wa manila. Kitanzi kikidondoka na kushuka mistari kadhaa huacha ngazi ya nyuzi za kulala; sindano ya kroshia huingizwa kwenye kitanzi kilichodondoka, huvuta ngazi ya kwanza ndani yake, kisha ya pili, hadi juu. Hakuna haja ya kufumua.

Mwanga una sheria zake. Masweta mengi ya shule ni ya bluu iliyoiva, kijani kibichi au damu ya mzee, na rangi hizo chini ya taa ndogo ya sola huficha vitanzi. Kitambaa cheupe kikitandikwa mapajani, vitanzi vyeusi hujichora juu yake na sindano huonekana inapoingia. Hata hivyo sehemu za shingo za rangi nzito ziachiwe mchana. Koroboi haifai kabisa kwa kazi hii: masizi yake hushika kwenye uzi, na mwali wake uko karibu mno na akriliki.

Vumbi, saruji na rangi

Kaya nyingi hukarabati huku zikiishi humohumo, chumba baada ya chumba. Kazi ya kufuma hukaa kwenye chumba kitakachoguswa mwisho. Chombo bora cha kuihifadhi ni ndoo ya plastiki ya lita 20 yenye mfuniko, ile iliyokuwa na rangi ya maji, ikiwa imesafishwa hadi isinuke tena. Mfuniko hutobolewa tundu dogo na kingo zake kulainishwa kwa msasa. Donge la uzi hukaa ndani, uzi hutokea tunduni, na donge halibingiriki sakafuni wala halifikiwi na mtoto anayetambaa. Sindano nazo huingia humo kazi inapoisha. Katika nyumba yenye watoto wadogo hili si suala la unadhifu, kwa sababu spoku iliyoachwa kwenye mkeka inaweza kumtoboa mtoto jicho.

Kuna siku ambazo ndoo haifunguliwi hata kidogo: siku ya kushusha paa la zamani, ambalo humwaga masizi na vumbi la miaka, siku ya kuchanganya saruji kavu, na siku ya rangi ya mafuta. Saruji mbichi huchubua ngozi na kuharibu sufu, na rangi ya mafuta ikishakauka kwenye uzi haitoki. Vumbi jekundu la kawaida ni jepesi zaidi. Kitambaa hukung'utwa kikiwa kikavu kabla ya kuguswa na maji, kwani vumbi likilowa huwa tope na kuzama ndani ya uzi.

Mikono iliyoshika saruji au tofali hukakamaa na kupasuka, na kila ufa hunasa uzi. Baada ya kazi mikono huoshwa kwa maji mengi na sabuni, hupakwa mafuta ya mgando, na kufuma husubiri hadi mafuta yaingie ngozini. Jioni ya siku ya lipu hufaa kupumzika tu.

Siku zinazofuata ndizo zenye neema. Lipu na sakafu mpya ya saruji hunyweshewa maji asubuhi na jioni kwa angalau siku 7 ili ziive bila kupasuka, na kati ya unyweshaji mmoja na mwingine chumba hakitumiki wala fundi hana la kufanya humo. Wiki hiyo moja, mafundi wakiwa hawapo na hakuna wa kupikiwa chakula cha mchana, inaweza kumaliza mkono mzima wa sweta.

Ugawaji wa kazi huamuliwa mapema, kwa sababu mama wa nyumba mara nyingi ndiye anayechota maji ya zege, anayewapikia mafundi na anayetarajiwa pia kufuma. Mizigo hiyo mitatu haibebeki kwa siku moja. Mtoto mkubwa anaweza kunywesha lipu; bibi anayejua kufuma anaweza kupewa mikono ya sweta, ila ajaribu kwanza kipande chake cha majaribio, kwa kuwa watu wawili hawakazi uzi sawa; na baba akijifunza kitanzi cha mbele na cha nyuma anaweza kufuma mgongo. Mabadiliko ya mkono hufanywa kati ya kipande na kipande, kamwe si katikati ya kipande.

Kuunganisha na kufua

Vipande hulowekwa, hukamuliwa kwa kuviringishwa ndani ya taulo, kisha hutandazwa juu ya mkeka safi kivulini na kuvutwa taratibu hadi vifikie vipimo. Pasi ya moto haiwekwi juu ya akriliki. Huilegeza, na kitambaa hakirudi tena katika umbo lake. Mabega huunganishwa kwanza, kisha ukosi, mikono, na mwisho mbavu kutoka kwenye ukingo wa kiganja hadi ukingo wa chini kwa mshono mmoja. Ukosi hujaribiwa kwenye kichwa cha mtoto kabla uzi haujakatwa. Ukikaza, mstari wa kufunga vitanzi hufumuliwa na kufungwa upya kwa sindano nene zaidi.

Sweta lililokamilika halitundikwi kwenye msumari wa ukuta uliopigwa lipu karibuni, kwa sababu ukuta huo huendelea kutoa unyevu kwa wiki kadhaa na kitambaa huota ukungu. Hukunjwa na kuwekwa ndani ya ndoo ileile, pamoja na bunda la akiba, karatasi yenye namba ya rangi, na kipande cha majaribio kilichoandikwa idadi ya vitanzi, idadi ya mistari na vipimo vya mtoto vya mwaka huo.